Je, Wajua? Mashine Inapokataa Bila Kusema Kwa Nini

Ule ujumbe unaojitokeza ukibonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli kuangalia salio, kwamba kuna tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI, umebeba herufi 3 ambazo hazikukusudiwa mwenye simu. MMI ni istilahi ya wahandisi walioandika viwango vya GSM huko Ulaya, wakimaanisha mahali binadamu na mashine wanapokutana. Kinachoumiza zaidi ni lile neno dogo "au". Muunganisho ukiwa mbovu, unasubiri au unasogea penye mtandao. Msimbo ukiwa mbovu, unauandika upya. Simu inataja makosa 2 yanayorekebishwa kwa njia tofauti kabisa, kisha inamwachia mtu abahatishe. Mnunuzi wa majani ya muguka pale Kiritiri, Mbeere Kusini, gari likiwa linapakiwa asubuhi, hana muda wa kubahatisha: muguka hunyauka, na aliyeuchuma anataka pesa yake mkononi kabla gari halijaondoka.

Je, wajua kuwa ujumbe mmoja wa USSD una nafasi ya herufi 182, na SMS moja herufi 160? Kwa hiyo kisingizio cha udogo wa skrini hakisimami. Hebu soma huu: "Pesa hazijatumwa. Mtandao ulikatika kabla ya ombi kufika. Salio lako halijaguswa. Subiri dakika moja, kisha ujaribu tena." Ni herufi 121 ukihesabu nafasi na nukta. Umesema kilichotokea, sababu yake, hali ya mali ya mtu, na la kufanya. Hilo la mali ndilo linalosahaulika mara nyingi, na ndilo la kwanza moyoni mwa mtu: je, pesa yangu iko?

M-Pesa ilianza Machi 2007 ikiwa menyu ndani ya laini ya simu, na menyu hiyo unaweza kuibadilisha iwe ya Kiswahili.

Kuna jambo bora kuliko ujumbe mzuri wa hitilafu, nalo ni hitilafu isiyotokea. Huduma ya Hakikisha ya M-Pesa ilianza kumwonyesha anayetuma pesa jina la anayepokea, ikampa sekunde chache za kusitisha muamala. Tarakimu moja iliyokosewa kwenye namba ya simu haionekani kwa macho, lakini jina la mtu usiyemjua linaonekana papo hapo. Mdenmaki Jakob Nielsen aliyaweka haya kwenye orodha yake ya kanuni 10 za mwaka 1994 kuhusu namna programu zinavyopaswa kumhudumia mtu. Kanuni ya 5 ni kuzuia kosa lisitokee. Ya 9 ni kumsaidia mtumiaji kulitambua kosa, kulielewa na kujikwamua, kwa lugha ya kawaida isiyo na misimbo.

Na pesa ikishaenda kwa mtu asiyehusika? Utume ujumbe ule ule wa M-Pesa, mzima ulivyo, kwa 456. Ombi la kurudishiwa huanzia hapo, ila lifanye upesi kabla aliyepokea hajazitoa.

Tangu Januari 2019, mtumiaji wa M-Pesa aliyejiunga na Fuliza akipungukiwa salio haishii kuambiwa kwamba muamala umeshindikana. Anaweza kuumaliza kwa mkopo wa papo hapo. Ni mfano wa hitilafu iliyogeuzwa kuwa njia ya kuendelea. Naiona kazi nzuri kwa sharti moja: njia yoyote yenye gharama itaje gharama yake kwenye ujumbe ule ule unaoifungua, mtu asome kabla ya kukubali.

Je, wajua kwamba tarehe 24 Novemba 2024 mita za umeme wa kulipia kabla zilifikia mwisho wa kuhesabu, duniani kote? Mita zinazofuata kiwango cha STS, kilichozaliwa Afrika Kusini, hupiga kila tokeni muhuri wa wakati. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ya kuandika hesabu hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu. Ni kama miaka 32 hivi. Hesabu ikijaa, mita isiyosasishwa haiwezi tena kukubali tokeni mpya. Ndiyo maana Kenya Power iliwatumia wateja mafungu 3 ya tarakimu 20 badala ya 1: mafungu 2 ya kwanza ya kuisasisha mita, na la mwisho ndilo umeme wenyewe.

Wazia sasa nyumba moja Mbeere Kusini, eneo la mabwawa, ambako mto Tana unazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mama anaingiza tarakimu 20, mita inakataa. Skrini ya mita ni ndogo, ina nafasi ya neno moja au tarakimu kadhaa. Neno hilo moja lingeweza kumaanisha kwamba amekosea tarakimu, au tokeni imeshatumika, au ni ya mita nyingine, au mita haijasasishwa. Kwa mashine ya aina hii, maelezo lazima yakae mahali pengine, na mahali panapofaa zaidi ni SMS ileile iliyoleta tokeni, kwa sababu ndiyo anayoitazama wakati huo. Kuyaweka kwenye kijitabu kilichobaki ofisini si kumsaidia.

Tuingie kwenye kompyuta.

Kihariri cha maandishi cha Unix kiitwacho ed, kilichoandikwa na Ken Thompson, kilikuwa na jibu moja kwa karibu kila kosa: alama ya kuuliza. Hakuna zaidi. Ili kupata maelezo, ilibidi uyaombe.

Mfumo endeshi wa Multics ulikuwa na ujumbe wa hitilafu kwa Kilatini, uliosema kwamba leo mzizi umezaliwa ndugu. Aliyeuandika, Bernard Greenberg, aliamini hali ile haiwezi kutokea kamwe. Ilitokea.

Kwenye Unix pia, watu waliotuma barua pepe zikakwama waliwahi kujibiwa kwamba kitu fulani si taipureta. Chanzo chake ni msimbo wa ndani uitwao ENOTTY, wa zama ambazo mtu alizungumza na kompyuta kupitia mashine ya taipu iliyounganishwa kwa waya. Programu ilikuwa ikiuliza kama inaongea na mashine ya aina hiyo, ikajibiwa siyo, na jibu hilo likabaki kwenye kumbukumbu. Baadaye kosa jingine kabisa likatokea na programu ikatoa maelezo ya lile la zamani.

Jamaa yake wa karibu yuko kwenye Windows: kidirisha chenye alama nyekundu ya hitilafu, na ndani kimeandikwa kwamba kazi imekamilika kwa mafanikio. Windows hutunza namba ya kosa la mwisho, na namba 0 maana yake ni mafanikio. Programu ikichelewa kuisoma, namba inakuwa imeshabadilishwa na shughuli nyingine, na mtumiaji anapongezwa kwa kazi iliyoharibika.

Je, wajua kuwa kidirisha cha kawaida cha hitilafu cha Windows kinaweza kunakiliwa maneno yake yote? Kikiwa mbele yako, bonyeza Ctrl na C, halafu bandika kwenye WhatsApp au barua pepe. Fundi aliye Embu mjini anapata kila herufi na kila tarakimu kama zilivyo, na mtu wa Kiritiri anaokoa nauli. Picha iliyopigwa kwa simu, skrini ikimetameta, haifikii hapo.

Zile namba ndefu za Windows, mfano 0x80070005, zinasomeka. Ningependa kila kijana anayefungua saiba azijue, maana wateja wanazileta kila siku wakidhani ni laana. Ile 8 inayofuata 0x inasema jambo limeshindikana. 007 inayofuata inasema kosa ni la orodha ya kawaida ya Windows yenyewe. Tarakimu 4 za mwisho ndizo habari: 0005 ni kunyimwa ruhusa, 0002 ni faili lisiloonekana, 0020 ni faili linalotumiwa na programu nyingine, 0070 ni diski iliyojaa. Tarakimu hizi zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, hivyo 70 ni 7 mara 16, yaani 112 kwa hesabu yetu ya kawaida. Sasa fungua dirisha la amri, andika net helpmsg 112, na Windows yenyewe itakuambia kwamba diski haina nafasi. Jibu lilikuwa ndani ya mashine muda wote. Mtu akionyeshwa 0x80070070 peke yake na kuambiwa usasishaji umeshindikana, anaweza kulipa aingiziwe Windows upya, kumbe alihitaji tu kufuta video za zamani.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Ujumbe mbovu hauondoi kazi ya kueleza, unaihamisha. Kampuni isiyoandika sentensi 2 inamwachia gharama mtu wa mwisho: nauli, ada ya saiba, siku ya soko iliyopotea.

Skrini ya buluu ina historia ndefu kuliko sifa yake. Kwenye Windows 3.1 ya mwaka 1992, maneno ya skrini iliyotokea ukibonyeza Ctrl, Alt na Del yaliandikwa na Steve Ballmer, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa Microsoft. Mwaka 2012 Windows 8 ikaweka uso wenye huzuni, mwaka 2016 Windows 10 ikaongeza msimbo wa QR, na mwaka 2025 Microsoft ikatangaza kwamba skrini itakuwa nyeusi na uso ule utaondoka. Rangi si neno. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, mafundi walisaidiwa na mstari mmoja mdogo chini ya skrini: jina la faili lililoshindwa, csagent.sys. Mstari huo ulimwelekeza fundi kwa mhusika moja kwa moja.

Picha ya bomu iliyotokea kwenye Macintosh ya mwaka 1984 ilichorwa na Susan Kare, aliyekuwa ameambiwa kwamba karibu hakuna atakayeiona.

Kompyuta za zamani zikiwashwa bila kibodi ziliweza kusema kibodi haipo, bonyeza F1 kuendelea.

Na kuna pahali ambapo ujumbe mbovu ulichangia kuua. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la nishati ya atomiki la Kanada, iliwapiga wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada kwa mionzi iliyopita kiasi kwa mbali, na baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, skrini ilimwonyesha mhudumu maneno MALFUNCTION 54. Kitabu cha mwongozo hakikueleza kwamba namba hiyo inaweza kumaanisha mgonjwa ameungua. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kutoa hitilafu ndogondogo mara kwa mara, na herufi P iliruhusu kuendelea. Wahudumu walikuwa wameizoea P. Mhudumu alibonyeza P, na mgonjwa akapigwa mara ya pili. Kila mtunzi wa programu anayeandika "Hitilafu 54" na kuendelea na kazi nyingine angepaswa kuisoma habari hiyo yote, hatua kwa hatua.

Mwaka 1982 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland alichapisha makala kuhusu uandishi wa ujumbe wa kompyuta, akieleza kuwa maneno mahususi, yenye staha na yanayoonyesha la kufanya humsaidia mtu kurekebisha kosa. Ushauri huo una zaidi ya miaka 40. Alipinga pia maneno makali yanayomlaumu mtumiaji, yale ya "haramu" na "batili". Mtu aliyekosea herufi moja hajavunja sheria.

Je, wajua kwamba betri ndogo ya mviringo inaweza kukufungia tovuti za serikali? Kompyuta ya mezani ina betri, mara nyingi CR2032, inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikifa, kila asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka wa nyuma. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kinalinganisha cheti na saa ya kompyuta, kinaona cheti bado hakijaanza kutumika, na kinakataa. Mteja aliyekuja saiba kujaza fomu za KRA au eCitizen anaonyeshwa onyo kubwa kwamba muunganisho wake si wa faragha na huenda wezi wanajaribu kuiba habari zake. Anaogopa, anaondoka. Chrome ilikuja kutenganisha jambo hili: ikigundua saa ndiyo mbovu, inasema saa iko nyuma na kukupa njia ya kuirekebisha. Betri yenyewe si ya bei kubwa, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Watafiti wa Google wakiongozwa na Adrienne Porter Felt walieleza mwaka 2015 jinsi walivyoandika upya lile onyo la Chrome. Walitaka watu walielewe, na pia walitii. La pili lilifanikiwa: waliorudi nyuma kwenye usalama waliongezeka sana. La kwanza likawashinda, kwa sababu kueleza hatari ya kiufundi kwa sentensi chache ni kazi ngumu. Nawaheshimu kwa kulisema hadharani.

Kwenye Android, programu isipojibu mguso wako kwa sekunde 5, mfumo unauliza kama uifunge au usubiri. Simu ikiganda kwa sekunde 4, haisemi kitu.

Ubuntu, programu endeshi iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina tabia ya kupendeza. Ukiandika amri ambayo programu yake haimo kwenye kompyuta yako, haiishii kusema haipo. Inakutajia kifurushi kilicho nayo, na amri ya kukisakinisha imeandikwa tayari. Lugha ya Python nayo, tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, ukikosea jina la kitu inakuuliza kama ulimaanisha lile linalofanana nalo.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilitafutiwa njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka pande 2 mwaka mmoja? Juni 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta programu zake kwa Kiswahili. Desemba 2004 mradi wa KiLinux, wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi IT+46, ukazindua Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili.

Watafsiri wa programu hukutana na ugumu ambao mtunzi wa Kiingereza hauoni. Yeye huandika kiolezo kimoja: nafasi tupu, kisha maneno ya kusema kitu hakikupatikana. Kompyuta hujaza nafasi kwa jina lolote. Kwa Kiswahili kiolezo hicho hakiwezekani. Faili halikupatikana, ukurasa haukupatikana, printa haikupatikana, mtumiaji hakupatikana, viambatisho havikupatikana. Kitenzi kinafuata ngeli, na mtafsiri hajui ni jina gani litakaloingia. Akichagua "haikupatikana" kwa yote, mtumiaji anageuka kuwa kitu. Wengine hukwepa kwa kuandika "Haipo:" kisha jina, wengine huanza na neno "kipengee" ili kila kitu kiwe cha ngeli ya ki-vi. Suluhisho safi liko kwa mtunzi: aandike sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, hata kama ni sentensi 5 badala ya 1. Ni kazi ya nusu saa kwake, na watu wengi wenye lugha za ngeli, kuanzia Kimbeere hadi Kizulu, wangepata sentensi zilizonyooka.

Ubuntu hutafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia mtambo uitwao Launchpad, na yeyote anaweza kufungua akaunti na kupendekeza tafsiri. Kila sentensi hutokea peke yake, ikiwa na nafasi ya kuandika Kiswahili chini yake. Pia huonyeshwa faili na mstari wa programu ilikotoka, pamoja na maelezo ya mtunzi kwa mtafsiri, pale ambapo mtunzi aliyaandika.